Wenye hoteli Malindi wasipuuze masasisho yasiyoonekana kwenye skrini

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumze na wenye hoteli na nyumba za wageni wa hapa Malindi na Watamu kuhusu jambo ambalo baadhi yao hulilipia kila mwaka bila kulijua. Mimi ni mtayarishaji programu, na sehemu kubwa ya riziki yangu hutokana na mifumo ya biashara inayokaa kwenye seva za mbali na kufikiwa kwa intaneti, hasa ule wa Salesforce, ambao wateja wangu wachache huutumia kuhifadhi majina ya wageni, tarehe za kufika kwao na mawasiliano yao.

Mfumo huo husasishwa mara tatu kwa mwaka, wala hakuna mteja anayeweza kubaki kwenye toleo la zamani, kwa kuwa wote ni wapangaji wa jengo moja. Matoleo hayo yamepewa majina ya misimu ya Marekani, yaani Spring, Summer na Winter, ambayo kwetu hayaelezi chochote. La Spring hufika karibu na Februari, kaskazi ikiwa inavuma na vyumba vimejaa. La Summer hufika karibu na Juni, wakati wa kusi, hoteli kadhaa zikiwa zimefunga milango. Na la Winter hufika karibu na Oktoba, watu wanapopaka rangi na kutafuta wafanyakazi. Mtu anayefuata majira ya hapa angefanya marekebisho makubwa mwezi Juni na asiguse kitu Februari, lakini sijauona mkataba hata mmoja unaotaja jambo hili, ikiwemo mikataba niliyoiandika mwenyewe.

Ninachotaka kueleza hasa ni kipengele kimoja cha watayarishaji kilichokuja na toleo la Spring la mwaka 2023. Lugha ya Apex, ambayo tunaitumia kuongeza shughuli zetu juu ya mfumo huo, kwa miaka mingi imekuwa ikiendeshwa kwa mamlaka ya mfumo wenyewe, si kwa mamlaka ya mtu aliyeketi mbele ya kompyuta. Maana yake ni kwamba meneja anaweza kumwondolea karani wa mapokezi ruhusa ya kuona nambari za pasipoti, skrini za kawaida za mfumo zikatii, lakini skrini iliyoandikwa na mtu kama mimi ikaendelea kumwonyesha nambari zote. Palikuwa na namna ya kumzuia karani asifungue kumbukumbu za wageni wasiomhusu, lakini namna hiyo haikugusa vipengele, kama nambari ya pasipoti au ya simu, vilivyomo ndani ya kumbukumbu anayoruhusiwa kuifungua. Mara nyingi ilitubidi tuvilinde hivyo kwa ukaguzi wa kuandika kimoja baada ya kingine, kazi ambayo mwandishi akichoka huiruka. Tangu toleo hilo, maneno mawili, WITH USER_MODE, yakiongezwa kwenye swali linalopelekwa kwa hifadhidata, mfumo hufuata ruhusa za mtumiaji.

Mimi ni miongoni mwa walioiruka. Mwaka 2019 niliiandikia nyumba moja ya wageni skrini ya mapokezi, nikaisifu mwenyewe kwa wepesi wake. Mwaka jana kijana aliyekuwa hapo kwa mafunzo ya kazi aliniuliza, kwa adabu, kwa nini anaziona pasipoti za wageni ilhali meneja amemwambia kwamba hana ruhusa hiyo. Kosa halikuwa la meneja wala la mfumo, lilikuwa langu. Nikayaongeza yale maneno mawili nikidhani nitakuwa nimemaliza kabla ya adhuhuri. Kumbe swali likiomba kipengele ambacho mtumiaji hana ruhusa nacho, mfumo haukifichi kimyakimya bali hulikataa swali zima. Orodha ya usafi wa vyumba, ambayo bila sababu yoyote ya maana ilikuwa ikivuta pia nambari za simu za wageni, ikakwama papo hapo. Namshukuru Mungu kwamba nilikuwa kwenye uwanja wa majaribio, yaani nakala ya mfumo iliyotengwa na kazi halisi.

Ikabidi niipitie kila skrini, nijiulize nani anahitaji kuona nini, niketi na meneja tupange ruhusa upya, kisha niandike majaribio mapya. Mfumo haupokei msimbo wa Apex katika kazi halisi ikiwa majaribio hayajapita kwenye asilimia 75 ya mistari yake, nami nilikuwa nimetimiza sharti hilo. Tatizo ni kwamba majaribio yangu yote ya zamani yaliendeshwa kwa jina la msimamizi mkuu, ambaye huona kila kitu. Kazi ilichukua siku tisa. Nilipopeleka hesabu, mwenye nyumba, mtu mzima ninayemheshimu kama mzazi, aliitazama skrini kwa muda mrefu akaniambia, "Mwanangu, siku tisa, na mimi naiona ni ile ile." Akalipa nusu.

Sikuweza kumlaumu. Maelezo ya kila toleo huchapishwa kwa Kiingereza katika mamia ya kurasa, na magazeti yetu, likiwemo hili, hutaja tu yale yanayotangazwa kwa vishindo, kama mawakala wa akili unde, yaani programu zinazojibu maswali na kutenda zenyewe, ambao kampuni hiyo ilianza kuwauza mwaka 2024 kwa jina la Agentforce. Ajabu ni kwamba mawakala hao ndio wanaofanya yale maneno mawili yawe ya dharura, kwa sababu wakala anaweza kupewa msimbo wa Apex autumie kujibu maswali, na ikiwa msimbo huo hautazami ruhusa, hatakuwa karani mmoja tu anayeziona pasipoti. Huenda akawa ni yeyote anayejua kuuliza.

Kuna mengine ambayo hayana haja ya wino mwingi. Toleo la Spring la 2024 lilileta alama ya kutaja thamani mbadala pale kipengele kinapokuwa kitupu, nayo imenipunguzia mistari mingi bila kumbadilishia mteja chochote. Kinachowahusu wenye mali moja kwa moja ni kuondolewa kwa matoleo ya 21 hadi 30 ya kiolesura cha kuunganishia programu (API), yaani mlango ambao programu nyingine huutumia kuzungumza na mfumo, kulikofanyika katika toleo la Summer la 2025: kama tovuti yenu ilitengenezwa zamani na ilikuwa ikituma maombi ya vyumba kupitia mojawapo ya matoleo hayo, mwulizeni aliyeitengeneza kama aliyabadilisha.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya habari za watu aweke ulinzi tangu mfumo unapobuniwa, na anayekusanya hapa ni hoteli, si mimi niliyeandika skrini. Kwa hiyo nawaomba wenye hoteli wafanye jaribio ambalo halihitaji fundi: waingie kwa jina na nywila za mtumiaji wa majaribio aliyepewa ruhusa za karani wa mapokezi, wala si za meneja, wafungue skrini zote walizoandikiwa kwa malipo, na waandike kila wanachokiona ambacho karani hastahili kukiona. Karatasi hiyo wamkabidhi mtayarishaji wao. Pia mkataba utaje kwamba katika zile wiki kadhaa kabla ya kila toleo, ambapo toleo jipya huwa limekwisha kufunguliwa kwenye uwanja wa majaribio, mtayarishaji atalipwa kwa kujaribu, hata kama hakuna kitakachobadilika machoni.

Nyumba niliyoitaja imekubali kunipa wiki mbili kila kabla ya toleo la Juni. Ile nusu iliyobaki tungali tunaizungumza.

Mtayarishaji programu,
Shella, Malindi