Barua ya wazi kwa Mheshimiwa uliyetuahidi droni ya ziwani

Mheshimiwa, shikamoo. Mimi ni mama wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, nina chombo kimoja na vijana watano. Nimesubiri kimya tangu siku ile uliyokuja kuongea na sisi, ila kilichotokea giza hili kimenishinda kunyamazia, naomba usome mpaka mwisho.

Usiku wa tatu tangu mbalamwezi iishe vijana wangu wamevamiwa ziwani. Watu sita na bunduki moja, vijana wakalazwa kifudifudi juu ya wavu, mashine ikafunguliwa, betri na taa zote za sola zikabebwa. Nahodha ni mdogo wangu wa tumbo moja, aling'ang'ania mashine wakamkata kiganja na panga. Wamepiga kasia mpaka asubuhi, saa tatu ndio naona chombo kinaingia, na pale nyuma kwenye ubao wa mashine yamebaki matundu ya bolti na damu ya vidole vinne imeshakauka. Mkopo wa ile mashine bado naulipa kwenye kikoba, kila Jumamosi.

Mheshimiwa, ulisimama pale kwenye mchanga, tukaacha dagaa juani tukaja kukusikiliza, ukasema droni italinda wavuvi usiku na mchana. Tulipiga vigelegele, mimi nikiwemo. Na droni ilikuja kweli, sikatai. Lakini ile droni inapiga kelele jamani! Nikiwa nimekaa nje kwangu naisikia kabla sijaiona, inalia kama mzinga wa nyuki uliochokozwa, na usiku upepo ukitulia sauti inaendaga mbali sana juu ya maji. Jambazi naye ana masikio, akiisikia anazima mashine, anawasha katochi kake anajifanya mvuvi, anangoja. Wala hangoji sana maana nusu saa haiishi chaji imekata inarudi nchi kavu. Mimi naamini wameshaipigia hesabu, na naamini wana mtu hapa hapa mwaloni anayewapigia simu ikiruka.

Nilimuuliza mwanangu anayesoma umeme chuoni kama hakuna droni isiyo na kelele, akanielewesha vizuri. Kuna za haibridi, ina kainjini kadogo ka mafuta kanazungusha jenereta, jenereta inachaji betri, na betri ndio inazungusha mapangaboi kwa mota ya umeme. Ikiwa safarini inatumia mafuta, maana kilo moja ya petroli imebeba nguvu nyingi mno kuliko kilo moja ya betri, kwa hiyo inakaa hewani masaa na sio dakika. Ikikaribia pa kuchungulia inazima injini, inabaki na umeme peke yake, na mapangaboi yakiwa makubwa yanayozunguka taratibu, kelele inapungua sana. Wamarekani wamehangaika nalo hili muda mrefu, shirika lao la utafiti wa kijasusi IARPA mradi wake liliuita Great Horned Owl, yaani bundi, na jina limekaa mahali pake maana bundi anamfikia panya bila panya kusikia kitu. Mwaka 2024 DARPA, shirika lao la utafiti wa kijeshi, nao wameonyesha ya kwao, XRQ-73, ina uzito wa kilo kama 567. Sisi hatuombi dude la kilo 567, tunaomba kadogo kenye kamera ya usiku kanakofika wanakolala vijana wetu na kurudi.

Na tusiambiwe kwetu haiwezekani. Kule Ziwa Victoria droni ilijaribiwa kupeleka dawa kutoka Mwanza mpaka Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika 40, habari zake zilitoka 2018. Ilikuwa ya Wajerumani, sawa, lakini ilipita juu ya maji yetu. Vijana wa vyuo vyetu vya ufundi wapeni hela, wapeni muda, waleteni huku wasikilize ziwa lenyewe usiku lilivyo.

Najua wapo watakaosema droni isiyosikika itatuchungulia mpaka uani tukioga. Hofu hiyo hata mimi ninayo, kwa hiyo wekeni sheria iruke ziwani tu.

Ziwa letu la Tanganyika lilipofungwa tusivue 2024, tangu Mei 15 mpaka Agosti 15, tulitii. Miezi 3 chanja tupu, watoto tunawalisha kwa kukopa, tukaambiwa samaki wazaliane. Ya kwetu tumetimiza Mheshimiwa, na hili ziwa ni kama kilomita 670 kwa urefu, boti za doria peke yake hazitakaa zilitoshe.

Giza lingine linaanza wiki ijayo. Mkono wa mdogo wangu haujafunga na bado anasema atatoka, kwa mashine ya kukodi. Kama ya kimya haijapatikana basi hii iliyopo msiirushie hapa mwaloni watu wanaiona, irusheni kutoka kwenye boti huko huko ndani, na hiyo ya kimya ianze kutengenezwa. Ianze Mheshimiwa. Njoo tena pale kwenye mchanga, tutaacha dagaa tena tuje, utuambie ni lini.

Ni mimi mama wa dagaa,
Kibirizi, Kigoma