Taa ya mtelezo ikiwaka, matairi yatazamwe kabla ya sensa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo linalowagharimu fedha nyingi wenye magari ya michezo hapa Dar es Salaam, na naamini hata Arusha, Mombasa na Nairobi, kwa kuwa magari ni yale yale yatokayo Japani na mazoea ya gereji ni yale yale. Taa ya mfumo wa kudhibiti mtelezo, ile ya njano yenye picha ya gari lililoacha michirizi miwili nyuma yake, inapowaka kwenye dashibodi, fundi wa kwanza huagiza sensa, yaani kifaa kinachohesabu mizunguko ya gurudumu, wa pili huagiza kontroli boksi ya ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasifunge wakati wa kukanyaga breki, na ni nadra sana kumwona mtu akichuchumaa kusoma namba zilizoandikwa ubavuni mwa matairi. Mimi ni fundi wa breki na umeme wa magari, na hoja yangu ni kwamba kwa magari haya namba hizo ndizo zinazopaswa kusomwa kwanza, kabla mteja hajatozwa hata shilingi moja ya kipuri.

Mfumo huu hauioni barabara. Kila gurudumu lina sensa inayohesabu mizunguko yake, na kompyuta hulinganisha magurudumu yanayosukuma gari na yale yasiyosukuma. Yanayosukuma yakizunguka haraka kuliko inavyotarajiwa, kompyuta huamua kwamba yanateleza, basi hupunguza nguvu ya injini na pengine hushika breki ya gurudumu moja peke yake. Katika magari yenye mfumo kamili wa uthabiti, ule ulioingia sokoni mwaka 1995 kwenye gari la Mercedes-Benz kwa ushirikiano na Bosch, kuna pia sensa ya usukani na sensa inayopima jinsi gari linavyogeuka, lakini msingi unabaki kuwa kuhesabu mizunguko. Kompyuta haijui umefunga tairi gani; inajua ukubwa ule tu ambao kiwanda kiliiwekea. Mtu mfupi akitembea sambamba na mtu mrefu atapiga hatua nyingi zaidi ingawa hakuna aliyekimbia, na ndivyo tairi dogo linavyohesabiwa mizunguko mingi zaidi katika kilomita ile ile, hata kama halijateleza popote.

Nitoe mfano wa gari ninalolifahamu vizuri. Nissan Fairlady Z ya kizazi cha Z33, ambayo nje ya Japani hujulikana kama 350Z, husukumwa na magurudumu ya nyuma, na yenye rimu za inchi 18 hutoka kiwandani ikiwa na tairi 225/45R18 mbele na 245/45R18 nyuma, yaani upana kwa milimita, kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo, na rimu kwa inchi. Ukipiga hesabu ya kipenyo, la mbele lina takriban milimita 660 na la nyuma milimita 678. Kwa hiyo kompyuta ya gari hili imezoea kuona magurudumu ya nyuma yakizunguka polepole kuliko ya mbele kwa kiasi cha asilimia 2.7. Mteja mmoja aliniletea gari la namna hiyo likiwa limekwisha kubadilishiwa sensa zote mbili za nyuma katika gereji nyingine, na bado kila alipoendesha kwa mwendo mmoja kuelekea Bagamoyo, kwenye lami kavu na bila kukanyaga mafuta kwa nguvu, taa mbili za mfumo huo wa uthabiti, zilizoandikwa SLIP na VDC OFF, ziliwaka pamoja na zikakataa kuzimika mpaka azime gari. Nilipoinama nyuma nilisoma 245/40R18.

Muuzaji alikuwa amemwambia kwamba 245 ni 245, rimu ni 18, basi tairi linaingia. Ni kweli liliingia. Lakini namba ya katikati, ambayo ndiyo ubavu wa tairi ukilinganishwa na upana wake, ilishuka kutoka 45 hadi 40, na kipenyo kikapungua kwa karibu sentimita 2 na nusu. Tairi la nyuma lililopaswa kuwa kubwa kuliko la mbele likawa dogo kuliko la mbele. Magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka haraka kuliko ya mbele wakati wote, saa zote, hata gari likiteremka mlima bila gia, na kompyuta ikahitimisha ama kwamba gari linateleza bila kukoma ama kwamba sensa zake zinasema uongo. Katika hali zote mbili ilifanya kazi yake ipasavyo. Tulipofunga 245/45R18 na kufuta kumbukumbu za makosa kwa mashine, taa hazikurudi. Sensa za awali, nina hakika, hazikuwa na ubovu wowote.

Wapo watakaosema kwamba mifumo mingi hujirekebisha kwa tofauti ndogo za ukubwa. Ni kweli, na ndiyo maana matairi ya kampuni mbili tofauti yenye namba zile zile, ambayo mara nyingi hutofautiana kwa milimita chache, aghalabu hayaleti tabu. Tatizo ni kwamba makosa hujumlishana. Tairi jipya huwa na mifereji yenye kina cha milimita 8 hivi, na likilika hadi milimita 2 kipenyo chake kimepungua kwa milimita 12, sawa na karibu asilimia 1.8 kwa tairi la ukubwa tuliokwisha kuutaja. Katika gari la michezo linalosukuma kwa nyuma, matairi ya nyuma ndiyo huisha kwanza. Mwenye gari akinunua mawili mapya akayafunga mbele ili usukani uwe mwepesi na salama, kama wengi wanavyoamini, huku nyuma akiacha yaliyolika, amejenga kwa mikono yake hali ile ile ya gari kuonekana linateleza. Upepo nao una sehemu yake, ingawa ni ndogo: tairi lenye upepo pungufu hubonyea na kuzunguka kidogo zaidi kuliko mwenzake, na kuna magari yanayotumia tofauti hiyo hiyo kumtahadharisha dereva kwamba upepo umepungua.

Hapo nimezungumzia taa inayowaka na kubaki imewaka. Taa inayopepesa ni habari nyingine, na kuzichanganya hizi mbili ndiko kunakozaa ushauri mbaya. Inapopepesa maana yake ni kwamba mfumo uko kazini wakati huo huo, unashika breki au unapunguza nguvu kwa sababu tairi limeshindwa kung'ang'ania barabara. Katika Fairlady Z, yenye nguvu zinazokaribia farasi 280, taa hiyo itapepesa mara kwa mara msimu wa mvua iwapo nyuma umefunga tairi gumu la kudumu miaka mingi. Matairi yanayouzwa Marekani huandikwa ubavuni alama ya uchakavu, na mengi yake tunayaona hapa pia: 200 ni mpira laini unaoshika sana na kuisha upesi, 500 ni mpira mgumu unaodumu. Alama hiyo hutolewa na mtengenezaji mwenyewe, kwa hiyo haifai kushindanishia kampuni moja na nyingine, ila ndani ya kampuni moja inakueleza jambo. Anayenunua 500 kwa ajili ya gari la michezo asimlaumu fundi taa ikipepesa kila anapoondoka kwenye taa za barabarani siku ya mvua. Tairi ndilo alilolichagua.

Lipo pia tatizo letu wenyewe la nchi za joto. Baadhi ya magari yanayosafirishwa kutoka Japani hufika bandarini yakiwa na matairi ya majira ya baridi, yenye neno STUDLESS ubavuni, na wanunuzi hufurahi kwa kuwa yanaonekana mapya na yana mifereji mirefu. Mpira wake umetengenezwa uwe laini kwenye barafu. Kwenye lami ya Dar es Salaam wakati wa mchana vipande vyake hupinda kila gari linapovuta, gari huyumba, taa hupepesa bila sababu inayoonekana na tairi lenyewe huisha kwa muda mfupi. Wakati unayatazama, soma na zile tarakimu 4 za tarehe ya kutengenezwa: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016, na mpira wa umri huo hushika vibaya hata ukionekana mzuri kwa macho.

Kwa wenye Subaru Impreza WRX na magari mengine yanayosukuma kwa magurudumu yote manne, taa ndiyo gharama ndogo kuliko zote. Subaru hutaka mizingo, yaani urefu wa kulizunguka tairi kwa nje, ya matairi yote manne isitofautiane kwa zaidi ya milimita 6 hivi, ambayo ni sawa na tofauti ya milimita 1 tu ya kina cha mifereji. Ukizidisha hapo, difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, hulazimika kufanya kazi muda wote gari likiwa linatembea, hupata joto, na hatimaye unanunua gia boksi kwa sababu ulitaka kuokoa bei ya matairi mawili.

Sisemi kwamba sensa haziharibiki. Waya hukatika, bearingi huingizwa kinyume, upande wake wa sumaku usielekee sensa, na baada ya kufanya alaimenti, yaani kunyoosha mkao wa magurudumu, sensa ya usukani huweza kuhitaji kusawazishwa upya. Lakini kutofautisha ni rahisi kwa yeyote mwenye mashine ya kupimia. Aendeshe gari kwenye barabara iliyonyooka kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa na atazame mwendo wa magurudumu manne kwenye kioo cha mashine. Gurudumu moja likisoma sifuri au likirukaruka, hiyo ni sensa, waya au bearingi. Kushoto na kulia zikiwa sawa lakini jozi ya nyuma ikaizidi ya mbele bila kubadilika, hayo ni matairi, na hakuna sensa itakayoponya jambo hilo.

Kinachonisikitisha zaidi ni njia ya mkato ambayo baadhi ya mafundi wenzangu wameizoea, ya kuchomoa fyuzi au kutoa kitaa chenyewe nyuma ya dashibodi. Fyuzi hiyo mara nyingi ndiyo ya ABS pia, kwa hiyo mteja huondoka na gari lenye nguvu nyingi ambalo sasa magurudumu yake yatafunga akikanyaga breki ghafla. Anayenunua gari la mkononi afungue swichi bila kuwasha injini: taa ya mtelezo inapaswa kuwaka kwa sekunde chache kisha kuzimika. Isipowaka kabisa, aulize ni nani aliyeitoa na kwa nini.

Kwa wauzaji wa matairi nina ombi moja. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna kibandiko chenye ukubwa wa tairi la mbele, la nyuma na kiasi cha upepo; maandishi ni ya Kijapani lakini tarakimu zinasomeka na kila mtu, na pakiandikwa kPa 240 maana yake ni psi 35. Kisomwe kabla ya tairi kushushwa kwenye rafu, na risiti iandikwe ukubwa wote, kwa mfano 245/45R18, badala ya maneno «tairi mbili saizi 18» ambayo ndiyo niliyoyakuta kwenye risiti ya mteja wangu wa Fairlady Z alipotaka kurudisha mali na akakataliwa.

Wako,
Fundi wa breki na umeme wa magari,
Ilala, Dar es Salaam