Kwa Mpwa Wangu, Kuhusu Jina la Gede

Mpwa wangu mpendwa,

Assalamu alaikum. Umeniuliza uwaeleze nini wanafunzi wako kuhusu Gede, magofu ya mji wa kale wa pwani yetu ya Kenya, kabla hujawaleta huku Malindi, nami nimeona nikujibu hadharani, maana wengi huuliza hayo hayo.

Anza na jina. Inaaminika kwamba waliojenga mji ule, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, waliuita Kilimani, jina linaloonekana katika ramani za Wareno za karne ya 17. Gede ni neno la Kioromo ambalo hufasiriwa kuwa kitu chenye thamani, nalo lilishika baada ya wenyeji kuhama na Waoromo, ambao wazee wetu waliwaita Wagala, kuenea katika pwani hii. Kwa hiyo kijiji cha leo, chenye Wagiriama wengi, kinabeba jina lililotolewa na watu wa tatu, si wajenzi wala wakazi wa sasa.

Na majina ya nyumba je? Utawapitisha watoto katika Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma na Nyumba ya Sanduku la Pembe. Tafadhali waambie kwamba hayo si majina ya wenye nyumba. Mwanaakiolojia James Kirkman, aliyeanza kuchimbua pale mwaka 1948, aliziita kwa vitu vilivyookotwa ndani, kwa sababu hakuna aliyejua tena ni nani aliyelala humo. Jambo hili hunihuzunisha kuliko kuta zilizobomoka. Mtu alichonga matumbawe, akapaka chokaa, akachimba kisima na choo, akala katika bakuli la kauri kutoka China, kisha akabaki kukumbukwa kwa mkasi wake tu. Wasimamishe pia mbele ya kaburi lenye tarehe, ambapo mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, ulichorwa katika lipu. Hapo angalau mtu alitaka siku yake ijulikane.

Ninachokusihi zaidi ni usirudie maneno ya vitabu vya zamani kwamba mji ule ulikuwa wa Waarabu. Waliojenga walikuwa Waswahili, Waafrika wa pwani hii waliofanya biashara na dunia nzima huku wakiswali katika misikiti yao wenyewe, na watoto wetu wana haki ya kulisikia hilo waziwazi.

Kuhusu sababu za kuhama, usiwape jibu moja. Kuna uvamizi wa Wazimba, wapiganaji waliotoka kusini, mwaka 1589, kuna maji ya visima yaliyozidi kushuka, na kuna Wareno kuhamishia makao yao Mombasa mwaka 1593, jambo lililodhoofisha Malindi yote.

Mwaka 2024 UNESCO iliuandika mji huu katika Urithi wa Dunia kwa jina la Gedi. Nawe ukiandika ubaoni, andika Gede, na pembeni yake uandike Kilimani.

Wasalaam,
Mjomba wako