Mama Doreen, hiyo giaboksi isishushwe kwanza

Mama Doreen, kamwene!

Sisi huku Uyole wazima, ila baridi ya mwezi huu sio ya kitoto, watoto wanaenda shule na masweta mawili mawili. Voisi yako nimeisikiliza usiku, nikairudia asubuhi maana sikuamini, yani fundi kaizungusha gari mtaa mmoja tu hapo Mlandege, boneti hajafungua, kashuka na bei mkononi, eti giaboksi imekufa toa hela iletwe nyingine toka Dar. Hapana shoga yangu. Labda kweli imekufa, sibishi, Toyota zetu hizi za auto ni za zamani, lakini huyo kajuaje?

Ya kwangu unaikumbuka lakini sijawahi kukusimulia vizuri. Nilikuwa napanda Isyonje kufuata viazi, ile barabara ya Tukuyu unaijua inavyopanda na malori ya Malawi yako mbele yako yanatambaa, sasa nakanyaga mafuta injini inalia kweli kweli, mshale wa resi unapanda ila gari yenyewe haivuti, spidi ndo kwanza inashuka, nikiachia mguu kidogo inashika kwa kishindo mpaka shingo inaruka. Mara kale ka-taa ka O/D OFF (ka ovadraivu, gia ya juu kabisa) kanapepesa kwenye dashibodi. Nikageuza pale pale, viazi baadae.

Fundi wa kwanza alisema hivyo hivyo kama wako. Nikaenda kwa mzee mmoja wa Mwanjelwa, huyo bwana hata hakuniuliza bei niliyoambiwa, aliomba tishu tu. Akaiacha injini ipate moto, gari iko sehemu tambarare, hendibreki juu, mguu kwenye breki, akavuta gia pole pole toka P mpaka L akairudisha P, injini haizimwi, ndo akachomoa dipstiki ya giaboksi (sio ile ya injini, usije ukadanganywa, ziko mbili), akafuta, akairudisha, akachomoa tena akadondoshea matone kwenye tishu. Oili ya auto ikiwa nzima ni nyekundu na inang'aa, ikiungua inakuwa nyeusi na harufu yake unaijua tu kitu kimeungua. Yangu ilitoka pinki nzito kama yogati ya stroberi.

Mzee akaguna akasema hapa tatizo limeanzia kwenye rejeta. Nikashangaa, rejeta na giaboksi wapi na wapi? Kumbe oili ya giaboksi nayo inapoozwa, inapita kwenye kabomba kako ndani ya rejeta yenyewe, sasa aliyeniuzia gari miaka yote alikuwa anaweka maji ya bomba, kulanti (dawa ya rejeta) haijui, kutu ikala hako kabomba, maji yakaingia kwenye oili. Na maji ndani ya giaboksi ni sumu maana zile pleti za klachi utando wake wa kusugua umegandishwa kwa gundi, maji yakikaa unabanduka.

Tukaweka rejeta nyingine, tukashusha sampo (lile bakuli la oili chini ya giaboksi), ndani yake kuna visumaku vya kunasa chuma, nilivigusa mwenyewe, vimejaa tope jeusi laini kama losheni chafu, mzee akasema tope hilo ni la kawaida kwa umri wa gari, ungeona vipande vipande ndo ulie. Chujio jipya, halafu oili ikamwagwa na kuwekwa mara kadhaa, kwa sababu ukifungua nati ya chini zinatoka kama lita 3 tu wakati giaboksi nzima na konveta yake (ile inayoiunganisha na injini) inabeba zaidi ya 6, nyingine inabaki humo humo. Ikatembea vizuri mpaka tukavuna mahindi, ikaanza tena kuteleza, hapo ndo nikanunua giaboksi ya mtumba kwa laki sita na kitu. Sasa fikiria ningeinunua siku ile ya kwanza nikaifunga na rejeta ile ile iliyotoboka. Ningekuwa nimenunua ya pili saizi.

Kuna na jirani yangu hapa, yake ilikataa kuingia gia ya nne, inalia tu barabarani na mafuta inakunywa, akaambiwa giaboksi. Kumbe mafundi walishamtolea thamostati (kile kivalvu kinachozuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta mpaka yapate moto) zamani kwa sababu gari ilichemsha, na baridi yetu hii injini haipati moto wake, na gari hizi kompyuta haiachii ovadraivu, yani hiyo gia ya nne, mpaka maji ya injini yapate moto. Thamostati ikarudishwa, gari ikapona. Iringa kwenu nako baridi, muulize huyo fundi wako kama thamostati ipo uone anavyojikuna.

Ya kwako ulisema ikiwa ya baridi inaenda, ikipata moto ndo inateleza, na ukiweka D inakaa kwanza ndo inashtuka. Mimi ningeanza na kiwango cha oili, ikipungua inafanya hivyo hivyo, halafu ipimwe na mashine isomwe kodi za hitilafu, wakati mwingine ni solenoidi tu (kavalvu ka umeme ka kupitisha oili). Ila kama oili ni nyeusi na inanuka kuungua, usipoteze hela kubadilisha oili ukitegemea miujiza, pleti zikishaisha oili mpya haizioteshi. Na oili iwe ile iliyoandikwa kwenye dipstiki, nyingi za zamani ni T-IV (oili ya Toyota), sio "hii nayo ni ya auto mama, zote moja".

Ikifika kununua, kodi ya giaboksi (namba ya aina yake) iko kwenye kile kibati cha gari, tafuta palipoandikwa TRANS/AXLE, mpigie picha muuzaji wa Dar asikuletee inayofanana kwa sura. Na mwambie akupe muda wa kuitesti kwenye mlima, sio kuwasha gereji na kusema hiyo hapo inaingia gia.

Halafu hilo la kwenda Dar na hiyo gari kwenye mahafali ya Doreen, mama weee, mlima Kitonga unaushukaje na giaboksi inayoteleza? Pale unashuka na 2 au L ili injini ishikilie gari, sasa isiposhika unabaki na breki peke yake na malori nyuma. Na kurudi unapanda, joto ndo litaimalizia. Pandeni basi la abiria. Na ikikufia njiani usikubali ivutwe kwa kamba matairi ya mbele yakizunguka, injini ikiwa imezimwa pampu ya oili haifanyi kazi, ndani kunajisaga kukavu. Ita bredauni ibebe.

Kesho nitumie picha ya hiyo tishu WhatsApp, ipige nje kwenye mwanga, nitampelekea mzee aiangalie. Viazi vyako vipo, nasubiri tu mtu wa Iringa apite. Msalimie Baba Doreen na mwambie gauni la mahafali nishalipeleka kwa fundi cherehani.

Wako,
Mama Jose