Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Machi 3 si siku ya miche pekee

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nafundisha Gredi ya 8 katika shule ya umma Kaunti ya Kiambu, na ndiye mlezi wa chama cha mazingira shuleni. Nakuandikia kuhusu Profesa Wangari Maathai, na kuhusu tarehe moja ya kalenda ambayo naona tunaiadhimisha nusu nusu.

Mwaka 2012 Umoja wa Afrika uliitenga Machi 3 kuwa Siku ya Wangari Maathai, pamoja na Siku ya Mazingira Afrika. Ikifika, wanafunzi wangu huja na miche. Kuna walioiotesha kwenye pakiti za maziwa zilizokatwa juu, kuna walioibeba kwenye mikebe ya rangi iliyotobolewa chini kwa msumari. Tunachimba mashimo kando ya ua, tunapanda, tunamwagilia, tunapigwa picha, tunarudi darasani. Naipenda sana siku hiyo. Mti wa kwanza tulioupanda sasa unalitosha darasa zima kwa kivuli.

Mwaka jana, baada ya kupanda, niliwapa insha: kwa nini tunamkumbuka Wangari Maathai tarehe hii? Nilisahihisha insha 43. Zote zilisema alipanda miti. Nyingi zilitaja Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2004, na kwamba ndiye mwanamke wa kwanza Mwafrika kuipata. Hakuna hata moja iliyosema tarehe hiyo hiyo, Machi 3 ya mwaka 1992, aliangushwa akazirai kwa kipigo cha polisi katikati ya Nairobi. Watoto hawana kosa. Mimi ndiye niliyewapa majembe bila kuwapa hadithi.

Hadithi yenyewe unaijua, Mheshimiwa, lakini niruhusu niisimulie, maana barua hii ni ya wazi na vijana wataisoma.

Ijumaa, Februari 28, 1992, akina mama waliokuwa na wana gerezani walikwenda kwa Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, Amos Wako, wakampelekea ombi lao. Wafungwa wa kisiasa waliokuwa wakiombewa ni 52. Wengi wa akina mama hao walikuwa wazee wa vijijini. Miongoni mwao alikuwapo Monica Wangu, mamake Koigi wa Wamwere, mwanasiasa aliyekuwa mmoja wa wafungwa hao. Hoja yao ilikuwa fupi: Desemba 1991 kifungu cha 2A, kilichoruhusu chama kimoja tu cha siasa, kilikuwa kimefutwa kwenye katiba na vyama vingi vikaruhusiwa. Kama nchi imekubali, mbona waliodai mabadiliko hayo bado wamo ndani? Kutoka hapo walielekea Uhuru Park, wakaketi kwenye pembe moja ya bustani, wakasema hawatakula hadi wana wao waachiliwe.

Profesa Wangari hakuwa na mwana gerezani. Jambo hili hunisimamisha kila nikilifikiria. Alikuwa msomi, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamifu, na angeweza kuwaandikia akina mama wale barua nzuri kisha arudi nyumbani. Alikwenda akaketi nao chini, akalala nao pale pale. Watu wakaanza kumiminika, na waliowahi kuteswa rumande wakasimama mbele ya umati kusimulia waliyotendwa, mambo ambayo miaka yote yalisemwa kwa kunong'onezana. Pembe ile ikaitwa Freedom Corner, na jina halijabanduka hadi leo.

Siku ya Jumanne, Machi 3, polisi walikuja na marungu na vitoa machozi. Wangari na wenzake watatu walipigwa hadi wakapoteza fahamu, wakapelekwa hospitali. Hapo ndipo baadhi ya akina mama walipovua nguo mbele ya askari, vijana wa umri wa wana wao.

Najua wako watakaosema hili haliwezi kutamkwa darasani. Nimelitafakari kwa muda mrefu, nami naona linaweza, tena lazima. Mtoto wa Gredi ya 8 anajua laana ya mama ni nini. Hakuna nyumba ya Kikenya ambamo haijasikika. Mama mzee anapouanika mwili uliokuzaa mbele ya macho yako, anakwambia umevuka mpaka ambao mtoto wa mtu havuki. Hawakuwa na jiwe wala fimbo. Walitumia silaha pekee waliyoachiwa na mila, na haikumwaga damu ya mtu. Nikilisimulia kwa staha, wanafunzi wangu hawatacheka. Nao wana mama.

Siku zilizofuata akina mama walihamia kanisa kuu la All Saints, jirani na bustani. Walikaa humo karibu mwaka mzima. Mwaka 1993 ulipoanza wana wao wakatoka.

Mheshimiwa Waziri, ninalokuomba ni kwamba tuwafundishe watoto njia ile, si jina la mtu tu. Kupinga bila kumwaga damu ni kazi yenye hatua zake, na Wangari alizifuata. Mwaka 1989, serikali ilipotaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, alianza kwa kalamu. Aliandikia ofisi baada ya ofisi, akiuliza kwa nini wananchi wanyang'anywe mahali pa kupumzikia. Alijibiwa kwa matusi. Bungeni walimsema kwa talaka yake, na Rais Moi akasema mwanamke wa Kiafrika anapaswa kuwaheshimu wanaume na kunyamaza. Hakurudisha tusi, wala hakunyamaza. Jumba halikujengwa. Januari 1999 alipopigwa kichwani na walinzi katika msitu wa Karura, alikokwenda kupanda miti kwenye ardhi iliyogawiwa watu binafsi, alikwenda kituo cha polisi kuandikisha taarifa, na akaitia saini kwa damu iliyokuwa ikimtoka kichwani. Kabla mwaka huo haujaisha, Rais Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Karura leo watu wanatembea na watoto wao humo Jumapili.

Kwanza ombi la maandishi, kisha kuketi hadharani, kisha kuvumilia kipigo bila kurudisha, kisha kurudi tena. Hili linahitaji kufundishwa kama tunavyofundisha ngeli.

Nalisema hili kwa sababu ya Juni 2024. Baadhi ya vijana waliotoka barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, uliotaka kuongeza kodi, walipita mikononi mwangu. Walikwenda na bendera, simu na chupa ya maji. Wengine nchini hawakurudi, na mama zao wanauliza hadi leo. Mzazi mmoja alikuja ofisini kwetu akaniuliza, "Mwalimu, hawa watoto mliwafundisha nini?" Nilikosa jibu. Hawakuwa wamefundishwa kwamba walikuwa wakipita mahali bibi zao walikwisha kuketi. Mambo mengi waliyafanya sawasawa kwa kubahatisha, mengine yaliwaponyoka kwa kukosa wa kuwaambia.

Basi naomba wizara itume waraka shuleni kabla ya Machi 3 ijayo, usemao kwamba kabla jembe halijagusa udongo, mwalimu aisimulie siku ile ya mwaka 1992, na awataje akina mama. Naomba pia wizara ilipie kazi ya kuwarekodi waliobaki. Ni wazee sasa, na kuna waliokwisha kututangulia. Mtoto anayemsikia bibi akisema kwa sauti yake "nililala pale, kulikuwa na baridi" hatahitaji maelezo yangu. Kama fedha ni shida, mimi na walimu wenzangu tuko tayari kuwatembelea na simu zetu wakati wa likizo, mradi wizara itupe barua ya kututambulisha.

Kwa upande wangu sitangoja waraka. Miche ya mwaka huu iko nyuma ya bwalo, na darasa limeshapangiwa zamu ya kumwagilia. Siku hiyo tutaketi kwanza chini ya ule mti wa kwanza, nitasimulia, ndipo tuchimbe. Ukipata nafasi, Mheshimiwa, karibu uketi nasi.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa Kiswahili, Kiambu