Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2019

Ndugu wanachama,

Nawashukuru mliofika. Nawahesabu 19, daftari lina majina 64. Akidi haijatimia, lakini Katibu amenishauri nisome tu kwa kuwa ukumbi tumeshaulipia.

Ziara zetu za mwaka kwenye vibao vya historia ya watu weusi hapa Marekani mnazijua, sitawachosha. Aprili tulikwenda kando ya mto Tuckahoe kwenye kibao cha Frederick Douglass, yule mtumwa aliyetoroka akawa mpinga utumwa mashuhuri. Agosti tulikuwa Fort Monroe, Virginia, kwenye kumbukumbu ya miaka 400 tangu Waafrika ishirini na kitu kutoka Angola washushwe pale mwaka 1619. Wenzetu wa Virginia wamekuwa wakisimika vibao barabarani tangu 1927, na wamezoea wageni. Yote yalikwenda vizuri isipokuwa pilau ilichelewa.

Sasa nije kwenye linalosemwasemwa: kwamba safari ya Oktoba niliibadilisha peke yangu.

Ni kweli mkutano mkuu uliopita ulipitisha twende Salem, Massachusetts. Na aliyewaeleza kwa nini Salem inatuhusu ni mimi: kwamba merikani, kile kitambaa walichovaa bibi zetu, kilifika Unguja kwa meli za Salem, na kwamba balozi mdogo wa kwanza wa Marekani kule, Richard Waters, aliyefika 1837, alikuwa mtu wa Salem. Kwa hiyo anayesema Mwenyekiti haitaki Salem ananionea.

Basi na malazi ya usiku mmoja vilitaka dola 4,200. Benki tulikuwa na dola 1,130. Ada ni dola 40 kwa mwaka, na hadi Septemba waliolipa walikuwa 23. Mlitaka niuze gari langu? Kamati niliiita mara mbili, wakaja watu watatu, mmoja akaondoka kabla ya chai. Ndipo nikaamua, ndiyo, peke yangu, twende Dorchester, hapa hapa Maryland, kwa Harriet Tubman, yule mtumwa aliyetoroka kisha akarudi kuwatoa wenzake, kwenda na kurudi siku moja.

Kuhusu yaliyotokea pale Bucktown, huko huko Dorchester, naomba yaingie kwenye kumbukumbu kama yalivyokuwa. Kibao kinasema Harriet alizaliwa 1820 na aliwaongoza watumwa kama 300 hadi kwenye uhuru. Mwanachama mmoja msomi, simtaji, akapaza sauti kwamba kibao kinakosea: watafiti wa leo wanasema alizaliwa karibu na 1822, na kwamba alirudi Maryland mara kama 13 akawatoa watu 70 hivi. Alikuwa sahihi. Mimi pia nilikuwa nayajua hayo, nilisubiri tu kibao kisomwe hadi mwisho. Ninacholalamikia ni kukatizwa kando ya barabara, mbele ya watoto na dereva. Nikamuuliza: na wale wa Mto Combahee, South Carolina, tarehe 2 Juni 1863, alipokwenda na jeshi la Kaskazini, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, wakakombolewa watumwa zaidi ya 700 kwa usiku mmoja, hao tunawaweka wapi? Sasa kibao kimezidisha au kimepunguza? Watu walicheka. Swali langu halijajibiwa hadi leo.

Na mnaosema Dorchester hakuna cha kuona, hamkuwepo. Tulisimama kwenye lile duka la njia panda ambako msimamizi alirusha jiwe la mizani la ratili mbili kumlenga kijana aliyekuwa akitoroka, likampata Harriet kichwani, naye bado msichana. Tangu siku hiyo usingizi ulikuwa ukimchukua ghafla, hata katikati ya maneno. Na kwa kichwa hicho hicho aliwapitisha watu kwenye vinamasi usiku. Mama mmoja wetu wa kutoka Bukavu alibaki mlangoni pale, basi likapiga honi mara tatu. Mimi sikumharakisha.

Kwenye basi tulikuwa 17. Kwenye WhatsApp tuko zaidi ya mia, na wote wana maoni. Oktoba hiyo hiyo, huko Mississippi, walisimika kibao cha nne cha Emmett Till, yule kijana mweusi aliyeuawa na wazungu mwaka 1955, cha chuma kisichopenya risasi, ratili 500, kwa sababu cha kwanza kiliibwa na vilivyofuata vikatobolewa kwa bunduki. Wenzetu wanahangaika hivyo, sisi dola 40 zinatushinda.

Mapato ya mwaka ni dola 2,310, matumizi dola 2,185. Mchanganuo atautoa Mhazini akirudi safari.

Mwaka 2020, Mungu akipenda, Salem tutakwenda. Lipo pia wazo la kuwaandikia wahusika barua kuhusu kile kibao cha Bucktown. Nilimwomba yule msomi aiandike. Bado naisubiri.

Kitabu cha stakabadhi kiko kwa Katibu, hapo mlangoni. Chai iko upande wa pili wa Katibu.