Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Mguu uliovunjika uhesabiwe mpaka uunge

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Wizara ya Afya, Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: KUWAFUATILIA WAGONJWA WA UPASUAJI WA MIFUPA KWA MWAKA MZIMA

Mheshimiwa Waziri,

Kazi yangu ni kupiga simu. Mimi ni muuguzi wa utafiti wa mifupa hapa Dar es Salaam. Mtu akishapasuliwa mguu, akapewa ruhusa na kurudi kwao, mimi ndiye ninayemtafuta baada ya wiki sita, baada ya miezi mitatu, sita, na hatimaye mwaka, nimuulize kama anakanyaga, kama kidonda kimefunga, kama amerudi kwenye shughuli zake. Ombi langu ni moja, na ninalitanguliza ili usilitafute mpaka ukurasa wa mwisho: kila anayepasuliwa kwa kuvunjika paja au muundi, yaani mfupa wa mguu chini ya goti, katika hospitali zetu aandikwe kwenye rejista moja ya taifa, na aonwe tena mwaka mmoja baadaye. Kwa sasa ufuatiliaji wa namna hiyo ninaouona mimi upo palipo na mradi. Pesa za mradi zikiisha, simu nazo zinakoma.

Najua wataalamu wako watasema takwimu zipo. Zipo, ndiyo. Vitabu vya MTUHA, yaani vya taarifa za kila siku za vituo vya afya, vinatuonyesha aliyelazwa, aliyeruhusiwa na aliyefia wodini. Kwa malaria hiyo inaweza kutosha, maana aliyetoka wodini kwa miguu yake mara nyingi amepona. Mfupa hauendi hivyo. Siku mgonjwa anaporuhusiwa, mfupa wake ndiyo kwanza unaanza safari ya kuunga. Usaha unaweza kuchomoza miezi minne baadaye, mwenyewe akiwa Masasi, ambako hakuna anayejua alipasuliwa na nani wala aliwekewa chuma gani. Kwenye vitabu vyetu huyo ameruhusiwa, hesabu yake imefungwa.

Kuna utafiti mmoja ninaoutaja kila nikipata nafasi, hata pasipo pake. Mwaka 2011 ulichapishwa uchambuzi wa operesheni 34,361 za kuweka chuma ndani ya mfupa, zilizofanywa katika nchi 55 za kipato cha chini na cha kati. Vyuma vyenyewe ni vya SIGN, shirika lililoanzishwa mwaka 1999 na Dkt. Lewis Zirkle huko Richland, jimbo la Washington, Marekani. Madaktari wetu wa mifupa wanavijua vizuri, kwa sababu vinaweza kufungwa skrubu zake bila mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Hospitali inavipata kama msaada, na daktari anatakiwa kuingiza taarifa za mgonjwa kwenye mfumo wao wa mtandaoni. Katika operesheni zote hizo, zilizokuwa na kumbukumbu ya mgonjwa kurudi kuangaliwa ni asilimia 18.1 tu. Ukihesabu wote kwa pamoja, maambukizi yalikuwa asilimia 0.7 kwa paja na 1.2 kwa muundi. Namba nzuri, hata Ulaya wangezionea wivu. Kisha watafiti wakahesabu wale tu walioonekana tena. Maambukizi yakapanda hadi asilimia 3.2 kwa paja na 6.9 kwa muundi.

Chuma ni kile kile na madaktari ni wale wale. Kilichobadilika ni nani amehesabiwa. Ukweli utakuwa mahali fulani katikati, maana aliyepona sawasawa hana haraka ya kurudi hospitali, na aliyeharibikiwa anaweza kuwa ameishia kwa mganga wa jadi kwa kukosa nauli. Lakini tofauti kati ya mgonjwa mmoja katika mia na karibu saba katika mia si jambo la kuachia makisio. Hapo ndipo tunapoamua tununue dawa gani, tusafishe vidonda vipi, tumpeleke nani rufaa. Na kwa kuwa nimeshaanza kulalamika, niseme na hili: kumbukumbu nyingi za mapaja ya Watanzania waliowekewa vyuma hivyo zinatunzwa Richland. Siwalaumu walioko huko, bila wao huenda zisingekuwepo kabisa. Ila inanikera.

Sasa tazama inavyokuwa tukifuatilia wenyewe. Pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, Dkt. Billy Haonga na wenzake, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha California, San Francisco, waliandikisha wagonjwa 240 kujibu swali la wodini kabisa: muundi ukivunjika na kutoboa ngozi, ni bora kuweka chuma ndani, au kuweka antena, vile vyuma vya nje ambavyo watu huviona vimechomoza mguuni mwa ndugu zao? Nani apate kipi iliamuliwa kwa bahati nasibu, si kwa uso wa mtu wala uzito wa mfuko wake. Mwaka ulipokwisha walikuwa wamewaona 221, yaani asilimia 92. Waliofariki, au waliolazimika kurudi kupasuliwa kwa sababu ya usaha wa ndani, mfupa kutounga au kuunga umepinda, walikuwa asilimia 18.0 upande wa chuma cha ndani na asilimia 21.8 upande wa antena. Tofauti hiyo inaweza kabisa kuwa ya bahati tu. Chuma cha ndani kilinyoosha mfupa vizuri zaidi na kumpa mgonjwa unafuu mkubwa wiki za mwanzo, lakini mwisho wa mwaka hakikuwaacha mbali wenye antena. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020.

Mfikirie daktari wa hospitali ya mkoa mwenye antena stoo na asiye na chuma cha ndani hata kimoja. Utafiti huo unamwambia kwamba akisafisha kidonda mapema na kwa makini, akaifunga antena yake vizuri, hajamdhulumu mgonjwa. Jibu hilo limetoka kwenye miguu ya Watanzania, katika hospitali yetu yenye foleni zetu na maji yetu. Je, limemfikia? Madaktari kadhaa wa mikoani niliozungumza nao hawakuwahi kulisikia. Limechapishwa kwa Kiingereza kwenye jarida la Marekani, na hakuna aliyewaletea waraka.

Utafiti mwingine, mkubwa zaidi, ulichapishwa mwaka 2015 baada ya kuwafuatilia wagonjwa 2,447 wenye mivunjiko iliyotoboa ngozi, India ikiwa miongoni mwa nchi tano zilizoshiriki. Waliulizia jambo linaloonekana dogo: kidonda kioshwe kwa nini? Ikaonekana kwamba maji ya chumvi ya kawaida yalishinda sabuni. Waliooshwa kwa sabuni walirudi kupasuliwa asilimia 14.8, wa maji ya chumvi asilimia 11.6. Na presha ya mashine ya kuoshea kidonda haikuleta tofauti yoyote ya maana, hata ile ya chini kabisa. Hesabu mwenyewe ni mashine ngapi za bei mbaya ambazo hatuna haja ya kuagiza.

Hiyo asilimia 92 ya MOI naielewa inavyopatikana, kwa sababu ndiyo kazi ninayoifanya kwenye tafiti nyingine. Namba ya mgonjwa mwenyewe ni ya kuanzia tu. Dereva wa bodaboda akivunjika mguu, simu ndiyo ya kwanza kuuzwa, maana pikipiki mara nyingi si yake, ni ya mkataba. Kwa hiyo kabla hajatoka wodini unachukua namba ya mke, ya kaka, ya mwenyekiti wa kijiwe anapopaki, ya mwenyekiti wa mtaa, na juu ya zote ya mama mzazi. Mke anaweza kuondoka. Mama habadilishi laini. Ukipiga, usianze kwa kusema unatoka hospitali, atadhani unadai deni na hutampata tena. Anza na shikamoo, uliza habari za nyumbani, uliza mvua. Wengi waliotupotea hawakuwa wamekufa wala kutojali. Walitoka wakidaiwa na wakaogopa kurudi getini.

Kisha unauliza kama anaweza kuchuchumaa. Madaktari wanaotumia vyuma vya SIGN wana desturi ya kumpiga picha mgonjwa akichuchumaa huku akitabasamu. Akiweza kufanya yote mawili, mguu huo una nafasi kubwa ya kuwa umeunga. Nakipenda kipimo hicho kuliko madodoso marefu yanayouliza habari za kupanda ngazi. Mkulima wa Mbulu hana ngazi. Ana choo cha shimo, ana jembe, ana ng'ombe wa kukamua.

Mheshimiwa, nchi hii haina haja ya kufundishwa kuwahesabu wagonjwa mpaka mwisho. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulipoanza mwaka 1977, Dkt. Karel Styblo, mtaalamu wa kifua kikuu kutoka Ulaya, alishirikiana na Watanzania kuweka utaratibu ambao kila mgonjwa aliandikwa kwenye rejista ya wilaya, na kila robo mwaka kundi lililoanza dawa pamoja lilihesabiwa upya: nani amepona, nani amefariki, nani ametoroka, nani amehamia. Shirika la Afya Duniani liliuchukua mtindo huo miaka ya 1990 na kuusambaza kwa jina la DOTS. Dunia ilijifunzia kwenye wilaya zetu, kwa madaftari na kalamu. Leo kwenye CTC, kliniki za wanaoishi na virusi vya UKIMWI, mtu asipotokea siku ya kuchukua dawa, kuna anayempigia au kumfuata nyumbani. Mwenye chuma pajani hana wa kumtafuta, na wengi wao ni vijana ambao nyumba nzima inakula kwa miguu yao.

Vyuma vyenyewe pia vinahitaji kutazamwa. Mwaka 2010 kampuni ya DePuy iliziondoa sokoni nyonga bandia zake za ASR, watu wapatao 93,000 duniani wakiwa wameshawekewa. Miongoni mwa waliokuwa wameona dalili mapema ni wenye rejista ya Australia, iliyoanza mwaka 1999: nyonga hizo zilikuwa zinarudi kupasuliwa kuliko za wenzake. Sweden wanaandika magoti bandia tangu mwaka 1975. Tusiseme hayo ni ya matajiri, kwani Malawi, hapa jirani, walianzisha rejista yao ya viungo bandia mwaka 2005. Sisi kesho tukiambiwa kundi fulani la vyuma lina kasoro, tutawapata vipi waliowekewa? Vitabu vya vyumba vya upasuaji nilivyovifungua mimi vina jina la mgonjwa, la operesheni na la daktari. Namba ya toleo la chuma mara nyingi haimo.

Gharama? Karani mmoja kwa hospitali, vocha za simu, nauli ya kurudi mara moja na picha moja ya eksirei. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inakupa mahali pa kuviweka viwili hivi vya mwisho: viingie kwenye kitita cha mafao kama sehemu ya upasuaji wenyewe, ili mgonjwa akirudi baada ya mwaka asiambiwe aanzie dirisha la malipo. Taarifa zake zilindwe kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na watafiti watakaozitaka wapitie NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kama kawaida.

Kuna hofu moja ninayoichukulia kwa uzito kuliko ya pesa, nayo ni ya madaktari. Rejista ikigeuzwa fimbo, itajazwa uongo ndani ya miezi sita. Hospitali itakayojitahidi kuwaona wagonjwa wake tisa kati ya kumi ndiyo itakayoonekana ina usaha mwingi, na ile isiyomtafuta mtu itang'aa. Zile namba za mwaka 2011 zinaonyesha jambo hilo waziwazi. Kwa hiyo tafadhali, mkuu wa hospitali asiulizwe kwanza ana maambukizi asilimia ngapi. Aulizwe amewaona wangapi. Anayeshindwa swali hilo la kwanza, jibu lake la pili lisisomwe kabisa kwenye vikao vyenu.

Si lazima tuanze nchi nzima. Tuanze na hospitali tano kubwa, MOI, Bugando, KCMC, Mbeya na Benjamin Mkapa, kwa mapaja na miundi peke yake, na mambo machache ya kuandika: mfupa gani, ngozi ilitobolewa au la, saa ngapi zilipita kabla ya kusafishwa, chuma gani na namba yake, na namba za simu za watu watatu. Mwaka ukiisha: yuko hai, amerudi kupasuliwa, anachuchumaa, amerudi kazini. Na matokeo yarudi mikoani kwa Kiswahili kila mwaka, kwa waraka wenye sahihi ya Mganga Mkuu wa Serikali, ili tabibu wa wilayani asisubiri jarida la Marekani limwambie habari za wagonjwa wake. Fomu ya namna hiyo inaenea kwenye ukurasa mmoja. Nimeshaiandika, na nikiitwa Mtumba nitakuja nayo pamoja na daftari la simu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi wa utafiti wa mifupa,
Dar es Salaam.

Nakala: Mganga Mkuu wa Serikali;
Mkurugenzi Mkuu, NIMR.